Silabi na Mkazo katika Vitenzi vya Kiitaliano

Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Iringa mwaka 1919, na mwaka 1935 Wapasionisti Waitalia walikabidhiwa Prefekturi ya Kitume ya Dodoma. Hivyo Kiitaliano si lugha ngeni kabisa katika nyanda za kati. Mtu wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, aliyelelewa katika Kigogo na Kiswahili, akianza kujifunza lugha hiyo hukuta irabu tano za herufi zile zile azijuazo, akadhani kazi ni nyepesi. Vitenzi humwonyesha kinyume chake.

Katika Kiswahili mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, nao husogea neno lirefukapo: soma, somesha, someshana. Kanuni hii ina nguvu hata ya kugeuza umbo la kitenzi. Twasema amekula, wala si “amela”, kwa sababu -me- haibebi mkazo, na ku- imebaki ili iubebe. Penye kiambishi kiwezacho kuubeba, ku- huondoka: akala, akila, amekila chakula. Lakini mkazo wenyewe hautaji nafsi wala wakati. Hiyo ni kazi ya viambishi.

Kwa Mwitalia sivyo. Parlo, mkazo ukiwa mwanzoni, ni “nasema”. Parlò, ukiwa mwisho, ni “alisema”. Hapa angalau alama huandikwa. Taabu iko katika parlano, “wanasema”, ambalo mkazo wake u juu ya par- na halina alama yoyote. Capitano likikazwa ca- ni kitenzi, “yanatokea”. Msomaji afuataye kanuni ya kwao atakaza -ta-, na kitenzi kitakuwa nahodha! Yafaa basi mwalimu atie alama juu ya kila kitenzi ubaoni, ingawa Waitalia wenyewe hawafanyi hivyo.

Kugawa silabi nako kwataka uangalifu. Sisi twagawa pa-nda. Wao hugawa can-ta, “anaimba”. Konsonanti mbili zifananazo hutengwa, na ya kwanza huifunga silabi iliyotangulia: cade ni “anaanguka”, cad-de ni “alianguka”. Kwa -nn- mwanafunzi anao msaada nyumbani: aikawize n kama afanyavyo katika nne, naye atakaribia sana ven-ne, “alikuja”. Tofauti ni kwamba n ya kwanza ya nne ni silabi kamili yenye mkazo, hali katika venne mkazo u juu ya e.