KINGA YA NDIGANA KALI: KWA NINI SINDANO MBILI?



Makatibu wa vyama vya wafugaji huulizwa na wanachama: kwa nini ng'ombe anayechanjwa ndigana kali huchomwa sindano mbili siku moja? Jibu limo katika namna mwili unavyopigana na ugonjwa huu.

Vijidudu vya ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia wa masikio. Viingiapo mwilini hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na kuzifanya ziongezeke ovyo. Ndipo mitoki huvimba, homa hupanda, na mnyama hushindwa kupumua. Hapo kikulacho ki nguoni mwako: kinga iliyomo katika maji ya damu haimfikii adui aliyejifungia ndani ya chembe.

Kwa adui huyo mwili una askari wengine, yaani chembe nyeupe ziuazo. Kila chembe iliyoambukizwa huonyesha juu yake vipande vidogo vya kijidudu kilichomo. Askari akivitambua huishika chembe hiyo, huitoboa na kuitia sumu, ikafa kabla adui hajazidi kuenea. Mwaka 1994 wataalamu wa Nairobi walichukua chembe hizo kwa ndama mwenye kinga wakampa pacha wake asiye na kinga; naye akaushinda ugonjwa.

Askari hao hufundishwa vyema na kijidudu kilicho hai. Kwa sababu hiyo, njia iliyobuniwa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970 hutumia vijidudu hai pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini idumuyo mwilini. Dawa huzuia ugonjwa usimshinde mnyama wakati askari wake wakijifunza.

Basi makatibu wazingatie haya:

1. Sindano zote mbili zitolewe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Chanjo bila dawa ni ugonjwa wenyewe.

2. Chanjo huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni. Ikiyeyushwa hudumu saa chache tu, na mrija mmoja hutosha ng'ombe wengi. Kwa hiyo wanachama walete mifugo yao pamoja.

3. Josho lisiachwe. Chanjo hii haizuii ndigana baridi wala magonjwa mengine ya kupe.

Mwanachama akielewa sababu hizi, hatajaribu kuokoa fedha kwa kuacha sindano ya pili, akampoteza ndama.