Picha ya mtu iandikwe jina

Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Mpiga picha anayetaka kuonyesha sura za umati huo aanzie Gerezani. Mtaa mmoja hapa, uliokuwa Kipata, leo unaitwa Kleist Sykes, kwa jina la mwanasiasa wa ukoo ulioanzishwa mjini na Mzulu wa Msumbiji aliyeletwa na jeshi la Wajerumani. Hatua chache ukiingia Kariakoo utakutana na wajukuu wa Wamanyema kutoka Kongo, Wazaramo wenye mji, Wachaga na Wakinga wenye maduka, na siku hizi Wachina.

Kosa jepesi ni kuzipanga sura hizo kwa makabila. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya picha hapa katika koloni la Wajerumani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, aliacha hazina kubwa ambayo sehemu yake imehifadhiwa Ujerumani. Alikuwa mtaalamu, sibishi. Lakini soma maelezo yake: askari, mpagazi, Mmasai. Jina la mtu mara nyingi halipo, na mjukuu hana pa kumtafutia babu yake.

Studio zetu za pwani zilikwenda njia nyingine. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942. Pale mteja ndiye aliyelipa. Alichagua kanzu au suti, akaweka pozi alilolipenda, akaondoka na picha yake. Nyuma ya picha za namna hiyo mara nyingi utakuta mwandiko: kumbukumbu kwa fulani, tarehe fulani. Huo ndio msingi ninaoutetea.

Ufundi nao una heshima yake. Kipimo cha mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukimsimamisha fundi wa Gerezani mbele ya bati linalowaka jua, kamera itapunguza mwanga na uso wake utageuka kivuli kitupu. Hapo si ngozi yake yenye tatizo. Pima mwanga usoni. Saa sita jua letu liko utosini na macho yanazama gizani, kwa hiyo mkaribishe mtu barazani au mlangoni, aelekee barabarani. Mwanga unaorudi kutoka ardhini na ukuta wa jirani utamfikia kwa upole, na weusi wake utaonekana kwa rangi zake zote. Kiwanda cha Kodak kwa miaka mingi kilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, ndiyo maana albamu nyingi za zamani hazikututendea haki.

Kabla ya kubonyeza, omba ruhusa na ueleze picha itakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Akikubali, muulize pia angependa kuandikwaje. Wengi watataja jina, kazi na mtaa kabla ya kabila.

Nawe mwenye picha za zamani nyumbani, zigeuze leo. Muulize shangazi ni nani hawa, uandike kwa penseli laini jina, mtaa na mwaka, maadamu bado anawakumbuka.