Kuisaka sys_read ndani ya Linux

Mwenye kompyuta mpakato ya mtumba na bando la wiki pale Igunga anaweza kujipakulia kerneli ya Linux nzima bila kumwomba mtu ruhusa. Faili lililobanwa ni takriban megabaiti 140. Akilifungua, anakutana na mistari zaidi ya milioni 30, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Tuseme anataka kujua kinachotokea programu inaposoma faili. Ameambiwa mlango wa kuingilia ni sys_read. Analitafuta jina hilo kwenye kihariri chake, analiona linatajwa huku na kule, lakini mwili wa funksheni yenyewe hauoni. Upo, ndani ya fs/read_write.c, ila umeandikwa kwa makro: SYSCALL_DEFINE3(read, ...). Jina kamili huundwa wakati wa kukompaili.

Waandishi wa kerneli walilijua tatizo hili. Ukitoa amri make tags, skripti yao huiendesha ctags, programu inayotengeneza faharasa ya majina, ikiwa imekwisha kufundishwa namna ya kuisoma makro hiyo. Katika kihariri cha Vim, weka kishale juu ya sys_read, bonyeza Ctrl-], umefika.

Njia mpya ni clangd. Mwaka 2016 Microsoft ilitangaza itifaki inayokitenga kihariri na seva inayouelewa msimbo, kama clangd, hivyo kiendelezi cha VS Code siku hizi ni mjumbe tu: hupeleka swali, hurudisha jibu. Lakini clangd husoma kama kompaila, na lazima ijue kila faili lilikompailiwa vipi. Kompaili kwanza, kisha toa amri make compile_commands.json. Ukiiruka hatua hii, clangd hubahatisha na skrini hujaa mistari myekundu isiyo na maana. Clangd ni kama kirangozi wa misafara ya Unyanyembe: hukuongoza kwa njia aliyokwisha kuipita. Ukiiuliza kuhusu switch_to, inayoandikwa kivyake kwa kila aina ya prosesa, baada ya kukompailia x86, hukupeleka kwenye ya x86 pekee, wakati faharasa ya ctags inaweza kukuwekea mezani za aina nyingine za prosesa pia.

Kwa mashine ya gigabaiti 4 za RAM ningechagua ctags bila kusita. Clangd hula kumbukumbu, na kukompaili kerneli nzima kwenye mashine hiyo ni kazi ya saa nyingi.

Hata hivyo, zote mbili hukwama mahali pamoja. Kutoka sys_read utafika vfs_read, na kupitia humo utafikia wito unaopitia kielekezi: f_op->read_iter. Ukiomba ufafanuzi wake unapelekwa include/linux/fs.h, kwenye muundo wa file_operations, ambako read_iter ni nafasi tupu inayojazwa na kila mfumo wa mafaili kivyake. Hapa rudi kwenye grep ya kawaida, utafute “.read_iter” ndani ya saraka ya fs. Kama diski yako ni ya ext4, funksheni unayoisaka ni ext4_file_read_iter, katika fs/ext4/file.c.