IST ya mkononi Rungwe: bei ni mlango tu, gharama ziko ndani

Parachichi zikilipa vizuri, wapo wakazi wa Lupepo na kata nyingine za Rungwe wanaoanza kuulizia gari. Jibu wanalopewa mtaani huwa lilelile: Toyota IST, Vitz au Passo ya mkononi, yenye umri wa karibu miaka 20.

Si ushauri mbaya. Magari haya yana sifa ya kudumu, spea zake si za kutafuta kwa tochi na mafundi wengi wanayajua. Shida inaanza pale mnunuzi anapomaliza akiba yote siku ya kulipa, halafu wiki mbili baadaye gari linaanza kudai lake.

"Namba D" siyo umri wa gari

Wauzaji wengi wanataja gari kwa herufi: "ni namba D, bado mpya." Herufi hiyo, ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba, inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini.

IST ya kwanza ilitengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007. Ya mwaka 2004 iliyoingia nchini 2017 inaweza kuwa na namba D, na bado ni ya 2004. Mwaka wa kutengenezwa uangalie kwenye kadi, kisha linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na ile iliyo kwenye gari.

Chasisi inakuambia pia injini. Kwa IST, NCP60 ni cc 1,300, NCP61 ni cc 1,500, na NCP65 ni cc 1,500 inayovuta magurudumu yote manne. Hiyo ya mwisho inasaidia kwenye tope, ila ina vifaa vingi zaidi vya kutunza.

Passo au Vitz ya cc 1,000 inakula mafuta kidogo mjini. Ukijaza watu watano na mizigo kisha ukapanda mlima, injini inalazimika kukazana na faida hiyo inapungua.

Milima inadai nini

Kutoka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, hadi Tukuyu barabara inapanda takriban mita 1,000. Ukielekea Mbeya unapanda tena kabla ya kushuka Uyole. Kwa gari la zamani, sehemu tatu zinaumia kwanza.

*Mfumo wa kupoza.* Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huondoa themostati na kukuambia tatizo limeisha. Kwenye baridi ya Tukuyu hilo ni kosa. Injini inachelewa kupata joto lake, inachoma mafuta mengi na kuchakaa haraka. Anza na kinachosababisha kuchemsha: rejeta iliyoziba, feni, mfuniko au wota pampu. Tumia kulanti badala ya maji ya bomba, ambayo huleta kutu.

*Gia boksi.* IST za mwanzo za otomatiki zina gia nne. Vitz nyingi za kuanzia 2005 zina CVT. Mafuta ya aina hizi mbili hayafanani, na ukiweka yasiyo yake unaweza kuua gia boksi nzima. Usikubali kauli ya "haidroliki ni haidroliki." Soma kitabu cha gari kwanza.

*Breki.* Ukishuka kwenda Kyela huku umekanyaga breki muda wote, zinapata moto na nguvu yake inapungua. Kwenye IST ya otomatiki, zima O/D au weka gia 2 ili injini isaidie kushikilia gari. Kama dereva aliyekutangulia hakuwa akifanya hivyo, pedi na diski zitakuonyesha.

Ongeza na barabara za vijijini. Mashimo na tope vinamaliza shokapu, bushi na boli joint. Kimoja kimoja si ghali sana, ila mara nyingi vinaisha kwa pamoja.

Injini yenyewe

Habari njema ni kwamba injini za IST zinatumia cheni, tofauti na Starlet za zamani zenye mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita nyingi. Lakini cheni inategemea oili. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa au ikipungua, cheni inalegea.

Nenda kuliona gari asubuhi, kabla halijawashwa. Likipiga kelele za kugongagonga linapowaka, au likitoa moshi wa bluu, punguza bei au ondoka. Ukikuta muuzaji ameshalipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Piga mahesabu ya mafuta

Chukua mfano huu. Tukuyu hadi Mbeya mjini ni takriban kilomita 70, hivyo kwenda na kurudi ni 140. Gari likitembea kilomita 12 kwa lita, unahitaji lita 11.7. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh35,000.

Ukienda mara nne kwa mwezi, unalipa Sh140,000. Kwa mwaka ni karibu Sh1.7 milioni. Ndani ya miaka mitano umeshachoma mafuta ya zaidi ya Sh8 milioni, na hapo hujahesabu safari za sokoni, shule na hospitali.

Sasa tuseme themostati imeondolewa, plagi zimechoka, na gari linatembea kilomita 9 tu kwa lita. Safari ileile inafika karibu Sh46,700. Unapoteza zaidi ya Sh11,000 kila ukienda Mbeya.

Bei halisi hubadilika. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Karatasi nazo zina gharama

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa katika mwaka wa fedha 2017/18 na kuhamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Kwa maneno mengine, unailipa kidogokidogo kwenye kila lita.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Inamlipa uliyemuumiza au kumharibia mali, haitengenezi gari lako. Na ukianza kubeba abiria kwa nauli, bima ya gari binafsi haitoshi. Unahitaji bima ya biashara na leseni ya LATRA.

Kabla ya kulipa, angalia namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, maana deni linafuata gari. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha badilisha jina TRA mapema. Kadi ikibaki na jina la mtu mwingine, ukitaka kuuza itakusumbua.

Una Sh10 milioni? Nunua la 8

Mbili zinazobaki si akiba ya ziada, ni sehemu ya bei. Zitumie mwezi wa kwanza kwa mpangilio huu:

• Breki na matairi
• Mfumo wa kupoza
• Oili ya injini na mafuta sahihi ya gia boksi
• Plagi na filta
• Shokapu na bushi

Mpeleke fundi wako mwenyewe kulikagua, siyo wa muuzaji. Mlipe hata kama hamtanunua. Elfu kadhaa za ukaguzi ni nafuu kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na kama hesabu inagoma kuacha hiyo milioni mbili pembeni, subiri msimu mwingine. Kuegesha gari bovu uani huku ada za watoto zinadaiwa ni hasara zaidi ya kuendelea kupanda daladala.