Kwa Nini Kivuko Huondoka na Kukuacha Gatini

Hakuna jambo linalomuudhi msafiri wa Kigamboni kama kuona lango likifungwa mbele yake ilhali, kwa macho yake, nafasi bado ipo. Magari yamepangwa, pembeni kuna uwazi wa kutosha bajaji mbili, na mhudumu anatikisa kichwa. Hasira hiyo inaeleweka. Hata hivyo, mara nyingi mhudumu huyo ndiye anayetenda haki.

Kivuko cha magari na abiria hupakiwa kwa kuzingatia uzito, wala si nafasi peke yake. MV Kazi, kinachofanya safari kati ya Magogoni na Kigamboni, kina uwezo wa kubeba tani 170, yaani abiria 800 na magari madogo 22. Ukikadiria kila abiria kuwa na kilo 75, abiria hao peke yao ni tani 60 kabla ya kuhesabu ndoo za samaki na magunia. Lori moja la kokoto lenye tani 30 humeza zaidi ya sehemu moja ya sita ya uwezo wote. Ndiyo maana kivuko kinaweza kuwa na uwazi na bado kikawa kimejaa.

Jambo la pili ni mizania. Anayesimamia upakiaji huelekeza magari mazito katikati na mepesi pembeni, ili chombo kisilalie upande mmoja. Dereva hutakiwa kuzima injini na kuvuta breki ya mkono. Abiria wa gari hutakiwa kushuka, kwa sababu ndani ya gari lililofungwa hakuna njia ya haraka ya kujiokoa. Wengi hulipuuza sharti hili wakidai safari yenyewe ni ya dakika chache tu.

Lakini hatari haipimwi kwa urefu wa safari. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki walizidi 220. Tunaiandika idadi hiyo hapa kwa sababu kila siku, kivuko kinapokaribia gati, tunaona abiria wakisongamana kwenye lango wakiwahi kushuka, na uzito wote ukihamia upande mmoja kwa mkupuo.

Kuhusu vivuko kuondolewa katika huduma: chombo cha chuma kinachoshinda kwenye maji ya chumvi huliwa na kutu, hivyo ni lazima kipandishwe kwenye chelezo, kikwanguliwe, kipakwe rangi na kukaguliwa sehemu zilizo chini ya maji. MV Magogoni, kikubwa kuliko vyote vya hapo, kilipelekwa Mombasa mwaka 2023 kwa ukarabati mkubwa, na foleni ikarefuka. Mwenye gari anaweza kupitia Daraja la Nyerere, Kurasini, lililofunguliwa mwaka 2016. Mtembea kwa miguu hana ahueni hiyo, na malalamiko yake kuhusu taarifa za kuchelewa ni halali kabisa.

Una haki ya kujua idadi ya abiria na uzito ambao chombo kimeruhusiwa kubeba, na kuonyeshwa jaketi za kujiokolea zilipo. Jaketi zilizofungiwa kwa kufuli hazihesabiki. Ukiona kivuko kimezidisha, usipande, na usione haya kubaki. Tunza tiketi yako, andika jina la kivuko, saa na gati ulilokuwapo, kisha peleka malalamiko kwa msimamizi wa kituo cha kivuko, ambacho huendeshwa na TEMESA. Suala likigusa usalama wa chombo chenyewe, lifikishe pia TASAC, na lifikishe siku hiyohiyo, kwa kuwa kesho yake kivuko kitakuwa kimekwishapakiwa upya na ushahidi umekwenda na maji.