Ufunguo wa Mashua Kuukuu

Katika mwalo wa Katwe, ukingoni mwa Ziwa Edward, ipo mashua moja ya mbao ambayo umri wake hakuna aujuaye kwa yakini, hata mwenyewe. Mbao zake zimebadilishwa moja baada ya nyingine, rangi imepakwa juu ya rangi, na mashine inayoisukuma leo ni ya tatu au ya nne. Kitu kimoja hakijabadilika: kitasa cha shaba ya manjano kilichopigwa ribiti katika kifuniko cha sanduku la mbele. Alfajiri moja kijana wa mzee mwenye mashua aliinama kuvuta kamba ya nanga, uzi uliouning'iniza ufunguo shingoni mwake ukakatika, na ufunguo ukazama.

Msomaji atasema, hasara gani hiyo? Kitasa na kivunjwe. Nami nilisema hivyo hivyo, kwani siku ile nilikuwa pale mwaloni nikizungumza na wavuvi juu ya umuhimu wa kuvaa makoti ya kujiokolea. Mzee akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, ukivunja kitasa umevunja kifuniko, na ukivunja kifuniko umepasua ubao wote wa mbele. Mvule kama ule nitaupata wapi leo?"

Ndani ya sanduku lile yalikuwamo makoti hayo hayo niliyokuwa nikiyahubiri, taa ya usiku, na kibali cha uvuvi cha mwaka. Tangu mwaka 2017, Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda lilipokabidhiwa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa yetu, hapakuwa na mvuvi asiyejua kwamba askari wa doria waliuliza kibali. Basi mzee yule hakuwa na njia: akiingia ziwani bila kibali atakamatwa na wenzangu, na asipoingia, watu wa nyumba yake na vibarua wake wawili watalala njaa. Ilinilazimu kumsaidia. Nilitwaa kipande cha sabuni, nikakigandamiza juu ya tundu la kitasa ili nipate umbo lake, nikakifunga katika leso.

Hapana budi nieleze kwanza kitasa chenyewe. Si cha aina ya kufuli zenye pini ambazo Linus Yale wa Marekani alizipatia hataza mwaka 1861, na ambazo leo zimejaa kila duka. Hiki ni cha ukoo wa zamani zaidi, uliotokana na kazi ya Mwingereza Robert Barron mwaka 1778. Ndani yake yamepangwa mabapa membamba ya shaba, moja juu ya jingine, kila moja likisukumwa chini na kamani yake. Kila jino la ufunguo huinua bapa lake. Kabla ya Barron ilitosha bapa kuinuliwa tu, na mwizi mwenye msumari uliopindwa aliweza kazi hiyo. Yeye alifanya bapa lidai kipimo kamili: likiinuliwa pungufu komeo haliendi, na likiinuliwa kupita kiasi komeo haliendi vilevile. Tena katikati ya tundu la kitasa cha mzee pamesimama kijiti cha chuma, hivyo ufunguo wake sharti uwe na shina lenye tundu, kama kipande cha bomba.

Nilianzia Kasese. Mji huu ulikua pamoja na reli, iliyofika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, na nilidhani mji wa shaba hautakosa ufunguo wa shaba. Nilijidanganya. Madukani mna funguo za milango ya kisasa na za pikipiki. Mafundi wenye mashine za umeme ni hodari, lakini mashine hiyo hufuata ufunguo mwingine, na pasipo ufunguo wa kufuatwa ni kipofu. Muuza duka mmoja alinishauri nimnunulie mzee kufuli mpya. Fundi aliyekaa barazani akacheka, akaomba kufuli mbili za aina ile, akafungua moja kwa ufunguo wa nyingine. Kufuli za bei rahisi hutengenezwa kwa mipangilio michache ya meno, kwa hiyo katika soko moja ndugu wawili wanaweza kubeba ufunguo mmoja bila kujuana. Ni fundi huyo aliyenielekeza Bwera.

Kutoka Kasese hadi Bwera ni kilomita 50 hivi, ukikata kulia katika njia panda ya Kikorongo. Siku ya soko la Mpondwe watu huvuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na hakuna kisichouzwa. Pembeni mwa vyuma chakavu nilikuta rundo la funguo zilizofiwa na vitasa vyao: za kabati, za masanduku ya bati, za milango ya nyumba ambazo labda zilikwisha anguka. Karibu yake, chini ya mwavuli, alikaa fundi mwenye jiliwa na tupa tano. Baba yake, aliniambia, alifanya kazi katika karakana za Kilembe kabla uchimbaji wa shaba haujasimama katika miaka ya 1980.

Nilifungua leso. Fundi akaitazama sabuni, akanitazama mimi na magwanda yangu.

"Afande, sabuni hii tunaifahamu. Ni njia ya wezi."

Nikamweleza habari za mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima kwamba angefanya kazi hiyo, lakini si kwa neno langu. Mwenye mashua aje mwenyewe, na barua ya mwenyekiti wa kijiji chake.

Nakiri nilikasirika. Nilikuwa afisa wa jeshi, mchana kweupe, mbele ya watu. Lakini nikiwa njiani kurudi nilikumbuka daftari la funguo za ghala la silaha tulilofundishwa katika chuo cha makadeti: hakuna ufunguo utokao bila sahihi, hata aombaye akiwa na nyota mabegani. Fundi yule hana ghala wala daftari. Ana jina lake tu pale sokoni, na siku mashine ya mtu itakapoibwa mwaloni, yeye ndiye atakayeulizwa wa kwanza. Alikuwa na haki.

Siku ya tatu mzee alifika Bwera kwa pikipiki, barua mfukoni. Fundi akaongeza sharti ambalo sikulifikiria: mzee ataje vitu vyote vilivyomo sandukuni, nami niviandike. Kisha akachambua lile rundo kwa kijiti cha kupimia, akapata ufunguo wa kabati wenye tundu la kadiri ile, na sote tukaenda Katwe.

Pale kazi ilichukua tangu saa nne hadi karibu saa tisa. Kwanza alisafisha kitasa kwa maji baridi na kukikausha, maana Katwe ni nchi ya chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa hapo kuanzia miaka ya 1970 kingali kimesimama kama gofu, mabomba yake yakiwa yameliwa na maji yale yale yaliyokusudiwa kukitajirisha. Kisha alipitisha ufunguo juu ya moshi wa koroboi hata ukawa mweusi, akautia, akauzungusha taratibu, akautoa. Palipong'aa ndipo bapa lilipogusa. Tupa mara mbili, moshi tena, kitasa tena. Mafuta alikataa kutia, kwa kuwa hushika vumbi. Alitumia unga wa risasi ya penseli.

Komeo liliporudi, hakuna aliyesema neno. Nilisoma orodha yangu: makoti manne, taa, kibali, sindano ya nyavu, shuka. Vyote vilikuwamo. Chini ya shuka palikuwa na kitu kisichoandikwa: ufunguo wa pili wa sanduku, ambao mzee aliuhifadhi humo miaka mingi iliyopita ili usipotee.

Kijana alicheka hadi akaketi. Fundi hakucheka, aliziweka funguo mbili pamoja, akazielekeza kwenye jua, akaona jino la tatu la ufunguo wake limezidi unywele mmoja. Akaomba tupa. Ule wa zamani umekabidhiwa kwa mke wa mzee, nyumbani, na jioni ile mashua ilitoka.