Kuchemsha hakuondoi floraidi

Swali ni lile lile, na safari hii limeletwa na mzee wa kanisa. Familia kadhaa za waumini wenzake zinauza nyumba mjini Arusha zihamie kaskazini mwa Mlima Meru, zijitegemee kabla siku za mwisho hazijafika. Shamba limepatikana, lina chemchemi. "Mtaalamu, tukiyachemsha maji yake si yanafaa?"

Hayafai.

Imani yao siigusi. Wito wa kuihama miji ni wa zamani. Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista Wasabato, aliandika sana kuuhusu, na wapo Wasabato wanaouzingatia hadi leo. Wala wasifananishwe na Shakahola, kule Kilifi, Kenya, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini waliohamia porini, wengi wamekufa kwa njaa. Hawa wanataka kulima, kufuga na kulea watoto. Ni watoto hao ninaowahofia.

Moto unaua vijidudu. Floraidi si kijidudu: ni madini yaliyoyeyuka kutoka miamba ya volkano, na hayaondoki na mvuke. Bandika lita 5 zenye miligramu 4 kwa kila lita. Zikikauka hadi lita 4, kila lita sasa ina miligramu 5. Umemaliza kuni kwa kuongeza madhara! Kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na Mto Ngarenanyuki, wa upande huo wa Meru, umewahi kupimwa ukazidi 20.

Msiniambie maji yanang'aa. Floraidi haina rangi. Msiniambie wenyeji wameyanywa tangu enzi za mababu. Tazameni meno yao ya kahawia, na miguu iliyopinda ya baadhi ya watoto wao. Mbegu za mlonge hutuliza tope, klorini huua vijidudu, kitambaa huzuia takataka. Hakuna hata kimoja cha kutegemea kuondoa floraidi. Meno ya mtoto huharibika yakiwa bado ndani ya fizi, na rangi ile haitoki kwa kusugua. Mifupa ikishapinda, hakuna mzizi wa kuchemsha utakaoinyoosha. Anayewauzia dawa hiyo anawaibia.

Basi fanyeni hivi. Pimeni maji maabara kabla ya kulipia shamba. Chemchemi mbili jirani hutofautiana sana, kwa hiyo pimeni kila moja, masika na kiangazi. Ezekeni mabati, wekeni mifereji na matangi makubwa: maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia, ya chemchemi ya kufulia. Mvua isipotosha, tumieni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimelifanyia utafiti kwa miaka mingi. Mkaa ukichoka hauchuji tena, ubadilisheni kwa ratiba. Magadi kwenye makande na maharage acheni, nayo yana floraidi.

Jiji mnalolihama limechimba visima hadi wilayani Hai kufuata maji yenye floraidi kidogo. Nanyi msihamishe mtoto hata mmoja kabla majibu ya maabara hayajafika mikononi mwenu.